Mbega wa Msitu wa Kesses

Mbega alilala chali chini ya mti, amechunwa ngozi yote, nyama haijaguswa. Shingoni palikuwa na alama ya kitanzi. Macho yamefunikwa kwa majani mabichi.

"Majangili," alisema Koplo Maurice, akipiga picha eneo la tukio.

Inspekta Jepchumba alichuchumaa. Alitoka Eldoret na hasira zake. Sasa aliyagusa yale majani taratibu.

"Jangili gani anafunika macho? Babu yangu na wenzake waliotundika mizinga humu ndio waliomfunika mnyama hivi, asione akichunwa."

"Hao wenzake tuwapate wapi?"

"Tumewazika. Amebaki mmoja."

Enzi hizo msitu ulifika hadi Cheptiret, na Jepchumba alitembea humo ameshika koti la babu, akiogopa kupotea. Leo ukisimama katikati unaona mahindi pande zote. Aliukumbuka ule woga, akautamani.

Mzee Kigen, huyo mmoja aliyebaki, alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akiota jua.

"Jepchumba. Serikali inakulisha vizuri."

"Mzee, jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Msituni."

"Kufanya nini?"

"Kama hujui, mbona umekuja na askari? Mbega ni mimi nilimtega."

"Kwa nini?"

"Jumamosi nabariki kitukuu. Babu yako alikubariki amevaa mbega, nikiwa hapo. Ngozi yangu ililiwa na panya. Ungetaka nibariki mtoto na jaketi ya mtumba?"

"Ni marufuku, Mzee."

"Najua. Lakini nilichukua mmoja tu, na wako wengi. Huyu akinguruma alfajiri, wengine walikuwa wanamjibu kule machimboni."

Jepchumba aliyajua machimbo yale. Angependa sana kumwachia mzee imani yake.

"Kule hakuna hata mti, Mzee. Ni ukuta wa mawe ulikuwa unarudisha sauti yake."

"Wamebaki wangapi?"

"Majike watatu. Dume walikuwa na huyo pekee."

Kigen aliingia ndani polepole, koplo akimfuata. Alirudi na ngozi imewambwa kwenye fito, nywele zake ndefu nyeupe zimechanwa vizuri. Aliiweka mikononi mwa Jepchumba, kisha akanyoosha yake.

"Nifunge. Lakini nikimkuta babu yako, nitamwambia nini?"

Inspekta alimfunga mzee vifungo vya koti lake kwanza, maana kulikuwa na baridi, ndipo akamtia pingu.