Kasuku na Mkataba wa Simu

Jina la Kasuku alibandikwa na mama yake, kwa sababu aliishika lugha ya ugenini upesi kuliko mtu yeyote nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na sifa hiyo ilikuwa inamtokea puani. Kila akirudi shuleni, hata viatu hajavua, anakabidhiwa bahasha: hii ya zahanati, hii ya mwenye nyumba, hebu tusomee. Akimaliza, kichwa kinamuuma na kazi ya shule bado inamngoja.

Mama alikuwa msafishaji wa ofisi. Msimamizi wake aligawa zamu kwa ujumbe wa simu, na asiyejibu haraka, zamu yake ilipewa mwingine. Kwa hiyo Jumamosi moja wakaenda kwenye duka la simu kutafuta kifurushi cha bei nafuu.

Muuzaji, kijana mcheshi, alimimina maneno bila kupumua. Asubuhi hiyo Kasuku alikuwa ameshamtafsiria shangazi yake huko zahanati kwa saa mbili nzima, naye alikuwa hoi bin taabani. Bei ya mwezi aliinasa. Lakini muuzaji aliongeza jambo kuhusu simu za nje na miezi mitatu ya mwanzo, na hilo likampita. Mama akauliza kijana amesema nini.

"Amesema bei ndiyo hiyo, na kumpigia bibi kule kwetu kumo humo humo," Kasuku akajibu.

Alitaka tu kurudi nyumbani akalale. Na tuseme ukweli, aliona haya pia. Kasuku gani huyo asiyejua kusema? Mama akatia sahihi bila wasiwasi.

Miezi mitatu mama na bibi walizungumza kila Jumapili mpaka sikio likapata moto. Mwezi wa nne ikaja bili iliyovimba. Mama akashindwa kulipa, laini ikafungwa, na zamu mbili zikampita bila yeye kujua. Msimamizi akamwambia waziwazi kwamba akikosekana tena, jina lake litafutwa.

Mama alirudi akaketi kitandani na aproni yake ya kazi. Alisema wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba kesho atakwenda kumwita yule kijana mwizi mbele ya wateja wake. Maneno hayo nani angeyatafsiri kama si Kasuku mwenyewe? Akajikaza kisabuni.

"Mama, yule kijana hakutuibia. Alisema kitu, mimi sikukielewa, nikakwambia uongo."

Mama alivua aproni. Hakugomba. Alimwambia tu akale, kesho wataondoka mapema.

Kesho yake dukani, Kasuku alimwomba kijana azungumze polepole. Asipoelewa alisema hajaelewa, mara ya kwanza, ya pili, hata ya nne, na watu wa foleni nyuma yake wakaanza kusonya. Kumbe mkataba uliruhusu kubadilisha kifurushi, na deni liliweza kulipwa kidogo kidogo. Wakachukua kifurushi cha kulipia kabla, namba ikabaki ile ile, na simu za kumpigia bibi zikawekewa kikomo. Kufika saa sita laini ilikuwa imefunguliwa, na mama akamwandikia msimamizi kwamba yupo tayari.

Njiani mama alitembea polepole, mgongo ukimuuma.

"Nimekutwika mzigo wa mtu mzima, mwanangu, na hilo ni kosa langu," alisema. "Ukichoka, sema umechoka, tutakwenda siku nyingine. Lakini usiniambie unajua kitu usichokijua. Ukisema hujui, nitatafuta mwingine wa kumuuliza. Ukisema unajua, mimi mama yako naacha kuuliza."