Kengele ya Maziwa, Chechelesi

Umulkheir alifungua friji alfajiri, akarudi nyuma akiziba pua kwa shungi lake. "Wallahi, tumekwisha!"

Maziwa ya ngamia ya kikundi chote cha akina mama yalikuwa yameoza. Yalikuwa yameingia jana jioni yakiwa na joto la barabara, na sasa hata kugandishwa yawe susa hayafai. Stima ilikuwa imepotea Chechelesi usiku kucha, na ile kengele iliyowekwa imwamshe soja wa usiku awashe jenereta haikutoa hata kikohozi.

Kengele ilitengenezwa na Fahmo, binti ya kaka yake Umulkheir, mwanafunzi wa elektroniki pale chuo cha ufundi. Kufikia saa tatu asubuhi hukumu ilikuwa imeshatoka.

"Lori la Merti linaondoka saa kumi," Umulkheir alimwambia. "Unapanda. Utachunga mbuzi wa babako. Mbuzi hawana waya."

"Eedo, shangazi yangu, tafadhali..."

"Nimemaliza."

Habari zikamfikia Mwalimu Mukami, aliyemfundisha Fahmo tangu siku msichana hajui kushika chuma cha kulehemu. Mukami alikasirika. Amlee mwanafunzi miaka miwili, halafu amkabidhi mbuzi? Thubutu! Alikwenda Chechelesi, akajifungia stoo peke yake na kisanduku cha kengele, chenye betri yake ya ndani, akafungua kifuniko.

Ndani kulitakiwa kuwa na chipu yenye lango la AU. Waya mmoja unaleta habari za stima, mwingine habari za mlango wa friji. Stima ipotee, au mlango uachwe wazi, moja tu linatosha, kengele ilie. Mukami alisogeza miwani asome namba mgongoni mwa chipu. Aliisoma tena. Hiyo ilikuwa chipu ya NA. Hizo mbili zinafanana kama mapacha, miguu inakaa mahali palepale, lakini ya NA hailizi kengele mpaka stima ipotee na mlango uwe wazi, vyote kwa pamoja. Usiku stima ilipotea, mlango ulikuwa umefungwa. Kimya.

Ya AU aliiona yeye mwenyewe Fahmo akiichomeka. Kumbe mtu ameibadilisha! Mukami alirudisha kifuniko, asimwambie mtu.

Alianza na Kiambi, soja. "Ulilala?"

"Nilale na miraa yote hii, mwalimu? Nilikuwa macho."

"Giza hukuliona?"

"Nililiona. Lakini niliambiwa ningoje kengele. Kengele haikulia, nikasema friji iko sawa. Ama kosa langu ni gani?"

Akamfuata Guleid, mchuuzi wa maziwa mwenye pikapu, ambaye akina mama walikuwa wamemnyang'anya wateja. Hakuficha kitu.

"Nimefurahi sana! Wamenivunjia biashara hao. Lakini kisanduku chenu sijui hata kinafunguliwa wapi. Mimi redio tu hunishinda."

Mukami akarudi kwa Umulkheir. "Jana jioni nani aliipima kengele?"

"Kaari. Fahmo alikuwa ameenda kuswali Magharibi. Kila jioni akienda, rafiki yake hubaki na kisanduku. Yule msichana Mmeru ana adabu! Alifungua mlango wa friji, akachomoa plagi, kengele ikalia mpaka masikio yakauma."

"Vyote kwa pamoja?"

"Eeh, pamoja."

Kaari. Benchi moja na Fahmo, sahani moja na Fahmo. Mukami alitoka kumtafuta Fahmo. Fahmo alikuwa nyuma ya nyumba akifunga nguo zake kwenye leso.

"Fahmo, mkipima kengele, mnapimaje?"

"Moja moja, mwalimu. Tunachomoa plagi, tunarudisha. Halafu mlango. Vyote pamoja hatujawahi. Ukifanya hivyo utajuaje ni kipi kinafanya kazi?"

Saa tisa aliwakusanya wote darasani, Kaari pia. Mezani aliweka kisanduku, akachomeka plagi yake ya stima, akabandika sumaku yake ya mlangoni, ambayo ukiiondoa ni kama umefungua friji.

"Kila mmoja aifanye ilie."

Guleid akaondoa sumaku, akairudisha. Kimya. Kiambi akachomoa plagi, akairudisha. Kimya. Fahmo akachomoa plagi, akairudisha, akaondoa sumaku, akairudisha. Kimya. Machozi yakamtoka Fahmo.

"Mnaona?" Umulkheir akasema. "Takataka."

"Basi," Mukami akasema, "kama ni kibovu, napeleka polisi. Wakifungue, wapime alama za vidole ndani."

"Hakuna haja ya polisi!" Kaari akadakia. "Kisanduku ni kizima. Soja ndiye alilala. Tazameni!"

Mkono mmoja ukachomoa plagi, mwingine ukang'oa sumaku. Kengele ikalia darasa zima. Kaari alitabasamu, kisha akaona mwalimu hatabasamu.

"Fahmo amejaribu moja moja, kama mlivyozoea," Mukami akasema. "Nani alikuambia leo kinataka vyote viwili?"

Kaari akarudisha sumaku haraka.

"Aliyeondoa chipu ya AU akaweka ya NA, huyo peke yake ndiye anayejua. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nini, Kaari?"

"Kwa nini?" Sauti ilimpasuka. "Nani alimfundisha NA na AU? Ni mimi! Yeye alikuwa analia na waya. Halafu gwaride zima mwalimu unasema chanda chema huvikwa pete, Fahmo ataenda maonyesho Nairobi, Fahmo, Fahmo! Jina langu hata kwa bahati mbaya hukulitaja. Nilitaka kimshinde mara moja tu. Sikujua maziwa yataingia yakiwa moto."

Mukami alivua miwani. Maneno yale ya gwaride yalikuwa yake.

"Nilikosea kutotaja jina lako," akasema. "Lakini juzi Fahmo alikuja ofisini akakataa kwenda bila wewe. Nikaandikisha wawili. Nilikuwa niwaambie leo."

Kaari alimtazama Fahmo. Fahmo hakumtazama. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, mpaka Kaari akatoa chipu ya AU kwenye mkebe wake wa kalamu. Fahmo akaichomeka mahali pake, akachomoa plagi peke yake. Kengele ikalia.

"Huendi Merti," Umulkheir akasema, machozi yakimlenga. "Na wewe Kaari, utazunguka kwa kila mama wa kikundi, useme ulichofanya kwa mdomo wako."

Huko nje lori la Merti lilikuwa likipiga honi. Fahmo alizima kengele, akabeba vitabu vyake, akaliacha benchi lake na Kaari, akahamia la mbele.