Mama Trela Azima Injini

Watu wa kiwanda cha matofali walimwita Mama Trela. Alikuwa na pikapu kuukuu, na nyuma yake alivuta trela refu la chuma. Alipeleka matofali kwenye nyumba zinazojengwa.

Mumewe alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yao mmoja alisoma shule ya bweni, mbali. Nyumbani, Mama Trela alipika chakula cha mtu mmoja. Alikula amesimama jikoni, kwa sababu mezani kulikuwa na viti vitatu.

Kila Jumatatu mwenye kiwanda alimjazia tangi dizeli. Iliyobaki Jumamosi ilikuwa yake. Ingebaki robo tangi, ingemfikisha shuleni na kumrudisha Jumapili ya wazazi. Lakini haikubaki. Mara mbili mfululizo alishindwa kwenda.

Mara ya pili binti alimpigia kwa simu ya matroni.

"Mama, usijali. Nilikaa getini mpaka wazazi wa wenzangu wote wakaondoka. Kisha nikaingia ndani."

"Jumapili ijayo ya wazazi nitakuja, mwanangu."

"Sawa, Mama." Alisema hivyo kama mtu asiyetarajia kitu. Mama Trela alilia peke yake, simu ikiwa bado mkononi.

Asubuhi alikwenda kwa Fundi Upepo, mziba pancha aliyekuwa rafiki wa mumewe.

"Shemeji, nitazamie tangi. Nadhani linavuja."

Fundi alilala chini ya gari, akapapasa tangi na mabomba yote. Akatoka na vumbi kichwani.

"Tangi ni kavu kwa nje, halivuji hata tone. Twende wote safari moja nione unavyoendesha."

Walifika kwenye jengo. Vibarua walianza kushusha matofali. Mama Trela alifungua bakuli lake la chakula ndani ya gari, injini ikinguruma.

"Shemeji, mbona huzimi?"

"Ah, nimezoea."

"Umezoea kulisha gari lililosimama? Lenyewe linakula kuliko wewe!"

Mama Trela alicheka kidogo. "Nikizima, kunakuwa kimya," alisema. "Ikinguruma, naona kama kuna mtu karibu."

Fundi hakumcheka. Alipokea bakuli, akala tonge moja.

"Leo mtu yupo. Zima," alisema.

Akazima. Walikaa vile karibu saa nzima, wakisikia matofali yakipangwa. Kisha Fundi alishuka, akazunguka trela.

"Tairi hizi zimelegea. Tairi laini ikibeba mzigo, gari linavuta kwa shida na mafuta yanaisha haraka. Tena tairi inaweza kupasuka. Kipimo cha upepo wa tairi za gari kiko kwenye kibandiko cha mlangoni. Cha trela kiko kwenye bati lake la mbele. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi."

"Kumbe! Mimi nilikuwa nazipiga teke tu."

"Teke halipimi upepo, shemeji. Na matofali mnayalundika wapi?"

"Nyuma, yashushwe upesi."

"Ndiyo maana trela linayumba, na wewe kila dakika breki, kila dakika mafuta. Uzito mwingi ukae juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, usogee mbele kidogo. Kisha funga kamba. Na mwendo pia! Unakimbilia nini?"

"Sijui. Nyumbani hakuna mtu."

"Basi nenda taratibu, mwendo mmoja. Acha nafasi mbele yako. Ukiona gari linasimama, ondoa mguu kwenye mafuta mapema. Mlimani badili gia kabla injini haijalemewa, na ukubali mwendo upungue. Ukiteremka usitoe gia, mzigo utakusukuma."

Mwisho aligonga sanduku la chuma lililokuwa pembeni ya trela.

"Hili nalo?"

"Vyuma vya marehemu."

Fundi aliinamisha kichwa. Alilijua sanduku lile. "Ni zito, shemeji. Unalivuta kutwa nzima, mwaka wa pili sasa."

Mama Trela alilipapasa sanduku. Jioni walilishusha wote wawili. Waliliweka sebuleni, chini ya dirisha. Alilifuta vumbi, akaketi juu yake. Siku hiyo alikula ameketi.

Wiki ya kwanza mshale wa mafuta ulibaki juu kidogo ya mstari mwekundu. Wiki ya pili ulisogea zaidi. Kuzima injini ndiko kulikomwia vigumu. Kila alipozima, mkono ulirudi kwenye ufunguo. Siku nyingine alishuka, akazungumza na vibarua. Siku nyingine alikaa tu, akavumilia.

Jumamosi ya tatu mshale ulisimama kwenye robo. Aliutazama mara mbili, akapiga kelele za furaha peke yake kiwandani.

Kesho yake, Jumapili ya wazazi, alilifungua trela kutoka kwenye pikapu, akaliacha uani. Alifika shuleni wazazi wengine wakiwa bado njiani. Binti yake alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na geti, mgongo umeelekea barabarani.

"Mwanangu!"

Binti aligeuka. Alikimbia mpaka dirishani, akamkumbatia mama yake hapohapo, mlango haujafunguliwa. Walilia wote wawili.

"Nina mengi ya kukusimulia," binti alisema, kisha akaongeza kwa mazoea ya zamani: "Lakini zima gari kwanza, Mama. Likinguruma hatusikilizani."

"Nimeshazima, mwanangu," alisema Mama Trela. "Sema, nakusikia."