Lita Kumi na Tatu za Nasri

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Julai, mwaka 1996. Upepo wa kipupwe ulipeperusha vumbi la Dodoma hadi ndani ya kituo cha mafuta kilichopo kando ya barabara ya Dar es Salaam, na malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni tangu alfajiri. Waridi, mhudumu wa pampu, alivaa ovaroli ya buluu, ushungi mweusi na kandambili, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba hata haikuingia tena kwenye viatu.

Gari dogo jeupe, mtumba wa Kijapani, liliingia likiserereka, injini ikiwa imezimwa tangu barabarani ili kubana mafuta. Aliyeshuka ni Nasri, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, shati lake limetapakaa pumba.

"Dada, gari hili nimepewa nilijaribu kabla ya kununua. Lina silinda sita na turbo. Kwenye yadi ya magari yupo pacha wake, jeupe vilevile, ila injini yake ni ya kawaida. Ungekuwa wewe, ungechukua lipi?"

"Ningechukua kiti, nikae."

Nasri alicheka. "Nakuuliza kweli."

"Kaka yangu, gari hununuliwa siku moja, hulishwa kila siku. La kawaida, Kibaigwa kwenda na kurudi, litakula lita kumi na nane. Hili mimi sijalizoea, lakini mwenye nguvu hali kidogo."

"Miaka kumi na miwili nimetembea nyuma ya malori. Nimechoka kufika watu wamelala."

"Nani anakusubiri?"

"Bado hajapatikana."

"Basi haraka ya nini?"

Swali hilo lilimfuata Nasri hadi Kibaigwa. Jumamosi iliyofuata alirudi na gari jeupe, kofia yake imefuliwa na kunyooshwa. "Nimekutii, dada. Nimechukua la kawaida."

Huo ulikuwa uongo. Alikuwa amelijaribu lile la turbo kwenye mteremko wa Mbande, likayapita malori manne kwa pumzi moja, na moyo wake ukashindwa kulirudisha. Aliona haya kuonekana mpumbavu mbele ya mwanamke aliyemshauri vizuri. Kwa hiyo kila alipokuja kituoni alizima injini mapema na kuliachia gari liserereke.

Mapenzi yao yalikuwa mapenzi ya watu waliochoka. Jioni Nasri alifika chumbani kwa Waridi, mtaa wa Kikuyu, na zabibu ndani ya gazeti. Waridi alipika ugali na mlenda. Mara nyingine Nasri alisinzia tonge likiwa mkononi, naye Waridi akalitoa taratibu.

"Mpenzi, umekuja kunitazama au kulala?"

"Vyote, laazizi. Kwako usingizi una ladha."

Lakini mhudumu wa pampu huona tarakimu hata asipotaka. Kila Jumamosi Nasri alijaza tangi hadi pomoni, na kila Jumamosi pampu ilisimama kwenye lita thelathini na moja. Tabu, mhudumu mwenzake, naye aliona.

"Mwenzangu, gari la bwana wako lina mimba? Toa kumi na nane, zinabaki kumi na tatu. Hizo zinatosha kwenda Gairo na kurudi, na za kumtembeza mtu zikabaki!"

Waridi hakucheka. Mume wake wa kwanza alikuwa dereva, na nyumba yake ya pili, huko Manyoni, Waridi aliijua siku ya talaka. Alipiga simu kwenye duka la Kibaigwa ambako Nasri hupokea simu zake, akaomba aitwe.

"Nasri, Gairo kuna nani?"

"Gairo? Sijafika huko tangu masika."

"Lita kumi na tatu zinakwenda wapi?"

"Waridi, siwezi kueleza hapa. Duka limejaa watu."

"Basi usieleze. Na yule wa kwanza naye hakuweza."

Akakata.

Wiki tatu Nasri hakuonekana. Jumapili ya nne Waridi alikuwa akifua uani aliposikia mngurumo uliowatoa majirani milangoni. Safari hii injini haikuzimwa.

"Sauti gani hiyo?" aliuliza, mikono imejaa povu.

"Ndiye mwanamke wa Gairo," Nasri alijibu, akafungua boneti. "Nililinunua lilelile ulilonikataza. Nilitaka kukufikia jua bado lipo, kisha nikaona haya kukwambia."

Waridi alijifuta mikono kwa khanga. "Maneno nimeshayasikia maishani. Twende."

Walijaza tangi kituoni, wakaenda Kibaigwa, wakarudi bila kusimama popote. Tabu alishika pampu mwenyewe. Ilisimama kwenye thelathini na moja na nusu.

"Kumbe kweli mimba ni ya gari!" alisema Tabu, akaenda zake.

Waridi alifunga kifuniko cha tangi. "Barabarani linakuokolea nusu saa. Siku ngapi unabaki sokoni ili ulilishe?"

"Mbili zaidi, kila wiki."

"Basi limekurudisha nyuma ya malori."

"Nitaliuza, nichukue pacha wake. Bado yupo yadi, amejaa vumbi."

"Gari litapata mnunuzi. Uongo wako hautapata; huo utaubeba mwenyewe."

"Nitaubeba. Na nikichelewa kufika?"

"Chelewa, Nasri. Ila uwe umetoka pale uliposema."

Nasri alivua kofia. "Barua ya posa nimpelekee nani?"

"Kaka yangu Zaidi, Kondoa. Barabara ni mbovu, nenda polepole."

Kisha Waridi akavua kandambili, akalaza kiti, na kabla hawajafika Kikuyu alikuwa amelala. Nasri alizunguka mtaa mara ya pili kwa mwendo wa baiskeli, asimwamshe.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usiikunje karatasi hii ukaiweka kabatini. Mpe jirani anayemficha mwenziwe jambo dogo kwa haya, naye akimaliza ampe mwingine.