Balbu Haikuungua

Balbu haikuwa imeungua, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea kombo fundi umeme, mtu aliyejisifu kwamba hajawahi kushindwa na kitu chenye waya. Taa ya maikrowevu ya nyumbani kwake ilikuwa imezimika siku nyingi. Si wajua tena, mganga hajigangi. Jumamosi hiyo, baada ya chakula cha mchana, akachomoa plagi, akafungua skrubu, akang'oa kifuniko, akaitoa balbu na kuiinua dirishani. Waya wake wa ndani ulikuwa mzima. Akaipima kwa mita, mita ikasoma vizuri. Hata hivyo akaweka mpya, maana fundi asiyebadilisha kitu ataonekana hajafanya kazi.

Kifuniko akakiacha kando kwanza, akarudisha plagi na kufungua mlango. Siku zote mlango ukifunguliwa taa huwaka. Ndani kukabaki giza tii.

"Bado?" aliuliza mkewe, akisuuza sufuria.

"Bado. Na balbu mpya kabisa."

"Achana nayo, Baba Chiriku. Humu ndani kuna makubwa kuliko taa."

Na kweli yalikuwepo. Binti yao walimpachika jina la Chiriku kwa sababu akiamka anaanza kusema, na usingizi humkuta hajamaliza. Sasa alikuwa kimya, tena amekonda hadi sare ya shule inampwaya mabegani. Si kwamba hali. Alikula sahani nzima, akalamba kijiko, akaomba nyingine. Daktari alimpima kila kinachopimika, akasema mtoto mzima. Mzima gani huyo, mbavu zote nje? Fundi alimpenda mtoto yule kuliko roho yake, na kwa hofu ya kumpoteza hata kula kwenyewe kulimshinda.

Akainama kuchungulia ubavuni mwa maikrowevu, pale palipokuwa wazi. Balbu ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka vizuri tu, joto lake likamfika vidoleni, mwanga ukapiga hadi ukutani. Lakini kwenye vile vitundu vidogo ambamo mwanga hupita kuingia ndani, haukupita hata chembe, kana kwamba kuna mtu ameegemeza mgongo.

Akachomeka kijiti cha meno kwenye kitundu kimoja. Kikagota kitu laini. Kisha kikavutwa kwa ndani, polepole, kikamtoka mkononi, na ikaja harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda njaa.

"Mama Chiriku," alinong'ona, "mtoto yuko wapi?"

"Si huyo nyuma yako."

Chiriku alikuwa amekaa mezani, uso kaelekeza kwenye mlango wa maikrowevu.

"Baba, usimchome mgeni," alisema kwa sauti ndogo.

"Mgeni gani, mwanangu?"

"Wa humo. Alikuwa ananiangalia nikila, nikamwambia karibu. Si wewe ulinifundisha? Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha."

Ni yeye aliyemfundisha, tena mbele za watu, akijivuna kwamba mwanawe ana adabu. Akashika meza.

Mama Chiriku akatoka mbio, na jua halijapunguza ukali akarudi na mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Mganga alifungua ule mlango wa maikrowevu kidogo, akanusa, akaurudishia taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

"Aliyeingia kwa nguvu, namtoa," alisema chini kwa chini. "Huyu kakaribishwa, tena kwenye chakula. Wa kumtoa ni yule yule aliyemkaribisha. Mtoto amwambie chakula kimekwisha, aende zake."

"Mwambie, mwanangu," fundi alimsihi.

Chiriku alitikisa kichwa. "Mgeni hafukuzwi. Wewe ndiye uliyesema."

"Nilikosea. Leo nakuruhusu."

"Sasa atakula nini, Baba? Anasema bado ana njaa."

Fundi akapiga magoti mbele ya mwanawe, akambembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena, huku mganga akisoma maneno yake na ubani ukifuka, na ile harufu ya njaa ikauzidi ubani nguvu, na maikrowevu ikaanza kuvuma yenyewe, akaruka kuing'oa plagi, akabaki ameishika mkononi waya unaning'inia na mashine bado inavuma, sahani ya ndani inazunguka, inagonga, inazunguka, na kila ilipozunguka mashavu ya Chiriku yalizidi kubonyea mbele ya macho yake, naye mzee mzima mwenye bisibisi mfukoni hana la kufanya, hana pa kushika, hajui hata amshike mtoto au aishike mashine.

Akaukumbatia ule mlango wa kioo, akaweka mdomo pale pale.

"Niachie mtoto," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi nina mwili mkubwa. Njoo kwangu. Karibu, karibu unile mimi."

Mganga alimziba mdomo kwa kiganja. "Roho yako si ndiyo huyo mtoto?" alisema, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mvumo ukakatika. Ndani ya maikrowevu kukawa na mwanga mweupe, kila kona ikaonekana, safi, hamna kitu. Fundi akavuta pumzi, akasubiri maumivu yamwingie, hayakuja. Akageuka. Chiriku alikuwa amelaza shavu mezani, macho wazi, haangalii popote, na mama yake anamtikisa bega.

Kisha kutoka ndani, nyuma ya kioo, ikaja ile sauti waliyoikosa siku zote hizo, changamfu, ya mtoto mwenye maneno mengi na adabu zake.

"Asante, Baba. Nimeshiba."