Kilichojificha Kifuani mwa Badam

Kifua cha Badam kilikuwa kinanguruma kama tumbo lenye njaa.

Daktari Palwasha alisikiliza tena upande wa kushoto. "Alichomwa kisu lini?"

"Kabla ya Ramadhani, hapo chini ya mbavu," alijibu mama yake Badam, Bibi Shirino. "Kidonda kilishapona, Daktari mpendwa."

Hakusema ni nani aliyemchoma. Tawab, mdogo wake Badam, alikuwa amejiinamia ukutani, shali usoni. Yeye na Badam waligombea zamu ya maji ya shamba, penye kinu kibovu cha kusagia nafaka ambapo watu wa kwao Khost hawamwagi hata maji ya moto bila bismillahi, wasije wakamuunguza jini wa hapo. Siku ile ilimwagika damu.

"Kisu kilitoboa kiwambo, ule msuli kati ya kifua na tumbo," daktari alisema. "Matumbo yamepanda juu, yanalibana pafu. Tukichelewa yataoza."

"Na harufu hii?" Bibi Shirino alinong'ona. Ilinuka manyoya ya kondoo yanayoungua.

Mchana ule ule walimpasua. Palwasha alipenyeza mkono kwenye lile tundu, akayavuta matumbo taratibu, yakashuka, yakagoma, kisha kitu humo ndani kikamshika vidole, kikavipinda, kikavivunja viwili huku akipiga kelele, mbavu za Badam zikiinuka moja moja kana kwamba mtu anasukuma kwa bega kutoka ndani, na mdomo wa Badam, aliyekuwa amelazwa usingizi kwa dawa, mpira kooni, ukasema kwa sauti ya kizee:

"Mmenimwagia damu mlangoni. Siondoki bure."

"Toa mkono, Daktari!" nesi Hamdullah alilia.

"Hakiniachii!"

Tawab aliyasikia yote kutoka nje. Akaupiga mlango teke.

"Mwache kaka yangu, mlaaniwa wee! Kisu kilikuwa changu. Njoo kwangu!"

Mama yake alimdaka kanzu, ikachanika, akabaki na kitambaa mkononi huku Tawab akiingia ndani.

Vidole vya Palwasha vikaachiwa. Tawab akainuliwa, akabamizwa ukutani, akainuliwa tena, akabamizwa tena, na aliyempiga haonekani, mpaka mbavu zikatokeza nje ya ngozi na pumzi zikamkatika. Kisha vioo vya dirisha vikapasukia nje, na ile harufu ikaisha.

Palwasha alishona kiwambo kwa mkono mmoja, Hamdullah akimkazia uzi, wote wawili wakiteleza kwenye damu ya Tawab.

Kesho yake Badam alizinduka, akavuta pumzi ndefu.

"Mama, mwite Tawab. Aache ujinga wa kunikwepa. Mwambie yameisha."

Bibi Shirino akamtia kijiko cha chai mdomoni, na kabla hajameza, akamtia kingine.