Zamu ya Shangazi Mwanaasha

Shangazi yangu Mwanaasha alikuwa na wivu wa kuchemsha maji bila kuni, na hilo hakatai. Mimi ni damu yake, kwa hiyo msitarajie nimsifie Tatu, mke mwenzie.

Mwaka wa Operesheni Vijiji waliteremshwa kutoka mlimani, huko Kisarawe, wakaambiwa wajenge kwa mstari kando ya barabara. Mume wao, Mwinjuma, akajenga nyumba mbili zinazotazamana, kila mke na yake. Kule mlimani walitenganishwa na bonde. Sasa shangazi alijua hata Tatu kapika nini.

Siku ya kumchagua balozi wa nyumba kumi ilianza vizuri tu, watu wakitaniana. Wagombea walikuwa wawili, na ni hao hao wake wenza. Katibu akasema kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Mwinjuma akajikuna kidevu, kisha akaenda kusimama nyuma ya Tatu, wa kwanza kabisa. Mbele ya kijiji kizima! Shangazi akajifunika uso kwa kanga asionekane analia.

Tatu akashinda. Watu walipotawanyika, shangazi alichota udongo wa unyayo uliokuwa mwanzo wa mstari wa Tatu, akaupeleka kwa mganga. Mganga akaufunga kwenye jani, akauzika njia panda.

"Mwenye unyayo huu ataondoka," akanong'ona, "ila hatafika aendako."

Kesho yake ilikuwa zamu ya shangazi. Alasiri, jua bado kali, akamwona Mwinjuma anatoka kwa Tatu, doti ya kanga mpya kwapani. Alikuwa anakuja kumbembeleza. Shangazi akakaa kizingitini, akanuna makusudi.

Mwinjuma akatembea. Akatembea. Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba, lakini hakuivuka. Miguu ilikwenda. Vumbi lilitimka. Naye akazidi kuwa mdogo.

"Mwanaasha," sauti ikaja kwa mbali, "mbona nyumba yako inarudi nyuma?"

Shangazi akakimbia kumfuata. Akafika hadi kibarazani kwa Tatu bila kumgusa mtu. Barabarani palikuwa na kanga mpya tu.

"Ule unyayo wa mwanzo wa mstari," shangazi akamnong'oneza Tatu, "si ulikuwa wako?"

"Mimi niliitwa mezani kwa katibu, dada. Mstari ukasogea. Aliyesimama pale nilipotoka ni Mwinjuma."

Walichimba njia panda pamoja. Jani walilikuta limefungwa vilevile. Ndani hamkuwa na udongo.

Shangazi hakuacha kupika. Kila zamu yake alitenga wali na mchuzi wa nazi, akafunika kawa, akakomea mlango. Alisema mtu aliye njiani ana njaa. Siku moja nami nilikuwepo. Tulikaa pale pale mkekani, macho kwenye kawa. Hodi hatukuisikia. Mlango haukufunguka. Shangazi akafunua, na sahani haikuwepo.

Nje kukagongwa. Alikuwa Tatu, balozi wetu, sahani mkononi, imekombwa safi.

"Dada," akanong'ona bila kututazama, "nimeikuta tena kitandani kwangu. Upande wake."

Nikaigusa. Ilikuwa ingali ya moto. Nilitaka kukimbia, lakini shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama mwenzie kwa chuki ambayo sijaiona tena.

"Hata sasa," akasema, "anakula kwangu, analala kwako."